Bloku ya kawaida au tofali la kuzuia joto? Mwongozo kwa anayejenga Dodoma

Anayejenga Dodoma siku hizi huwa na swali moja kabla hata hajachimba msingi: nijenge kwa bloku za saruji kama majirani zangu, au nitafute matofali ya kuzuia joto niliyoyaona mtandaoni? Pita Iyumbu, Nzuguni, Nala au kandokando ya Mtumba, utaona jibu la wengi: maboma ya bloku za inchi 5 na inchi 6, kiwanja baada ya kiwanja. Mimi nasema kwamba kwa nyumba isiyo ya ghorofa, bloku iliyotengenezwa vizuri inatosha kwa sehemu kubwa ya kuta, na fedha ya kupambana na joto ianzie juu, kwenye paa. Lakini kuna vyumba, na kuna viwanja, ambako tofali la kuzuia joto linastahili gharama yake. Fuata hatua hizi ujue chako ni kipi.

Hatua ya 1: Fahamu joto linaingilia wapi

Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Mwinuko huo na hewa kavu hufanya usiku upoe. Hata Novemba, mchana ukifika nyuzijoto 31 au 32, alfajiri huwa zimeshuka hadi 19 hivi, na Julai usiku hushuka mpaka kama 14. Ukaribu na Ikweta nao hulileta jua utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi walau kuna mawingu. Oktoba ni machache, kwa sababu mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo bati hupigwa jua la wima wiki nyingi mfululizo.

Sasa chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Paa lake lina zaidi ya mita za mraba 120, zote zikitazama juu. Ukuta wa magharibi wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3 una mita za mraba 30 tu, nao hupigwa jua kali kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi. Bati la rangi nzito likichomwa na jua la saa saba hupita nyuzi 60 bila taabu, na sehemu kubwa ya joto hilo hushuka kwenye silingi. Mtu anayenunua tofali la bei kubwa kisha akaezeka bati tupu na jipsamu nyembamba chini yake, ni kama aliyefunga madirisha akaacha mlango wazi.

Kuna jambo jingine la kulitia akilini. Tofali jepesi la kuzuia joto, lile lenye viputo vya hewa, lilibuniwa Sweden miaka ya 1920. Kule kazi yake kubwa ni kuzuia joto la ndani lisitoke. Ukuta huo haujui upande upi ni wako. Joto likishaingia kupitia paa na vioo, ukuta huohuo utalizuia lisitoke, na usiku utajikuta unahangaika kufungua madirisha wakati nje kumeshapoa.

Hatua ya 2: Malizana na paa kwanza

Chagua bati la rangi hafifu. Najua maruni, bluu na kijivu cha mkaa ndizo zinazopendwa, lakini kwa jua la Dodoma bati jeupe, la krimu au la fedha hurudisha sehemu kubwa ya joto kabla halijaingia. Hii ni tofauti unayoipata bila kuongeza kitu chochote kwenye jengo.

Kisha weka kizuizi kati ya bati na silingi. Ukitumia karatasi ya kung'aa, iache nafasi ya hewa ya walau milimita 25, na upande unaong'aa utazame chini. Mafundi wengi huugeuzia juu. Kwa vumbi letu la miezi ya upepo, upande unaotazama juu hufunikwa haraka, na ukishafunikwa hauna tena faida. Ukiweza kupata blanketi la nyuzi za kioo la milimita 50 au zaidi, lilaze juu ya silingi pande zote, bila kuacha mapengo kwenye pembe.

Acha matundu ya kupitisha hewa kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) na juu kwenye gebo (ukuta wa pembetatu chini ya paa), uyazibe kwa wavu mdogo ili popo na ndege wasihamie. Mwisho wa paa utokeze sentimeta 60 hadi 90 nje ya ukuta. Upepo wa huku una nguvu, hivyo kadiri unavyotokeza paa, ndivyo kenchi (fremu zinazobeba paa) zinavyohitaji kufungwa imara kwenye lenta, ule mkanda wa zege ulio juu ya kuta.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuta.

Hatua ya 3: Pangilia vyumba kwa jua

Kama kiwanja kinaruhusu, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zitazame mashariki na magharibi. Mara nyingi hakiruhusu, kwa sababu barabara ya mtaa ndiyo inayoamua mlango uwe wapi. Basi badilisha vyumba. Stoo, choo, jiko, baraza au banda la gari vikae upande wa magharibi, vyumba vya kulala vihamie mashariki au kusini. Mwarobaini uliopandwa mita nne au tano kutoka ukuta wa magharibi huvumilia ukame wa Dodoma na hatimaye kivuli chake hufanya kazi ambayo tofali lolote lingetozwa fedha kuifanya.

Ukitaka kuuelewa ukuta wako kabla hujaujenga, nenda kwa jirani mwenye nyumba ya bloku, mwezi wa Oktoba, kama saa mbili au saa tatu usiku. Weka kiganja ndani ya chumba kwenye ukuta wa magharibi, kisha kihamishie ukuta wa mashariki. Ule wa magharibi utakuta bado una moto. Bloku ya inchi 6 huchukua saa nne au tano kulipitisha joto kutoka nje hadi ndani, kwa hiyo jua la saa kumi alasiri linafika kitandani kwako saa mbili au tatu usiku, wakati watoto wanalazwa. Chumba cha kulala cha magharibi ndicho kinachoumia kuliko vyote.

Hatua ya 4: Zijue bidhaa zenyewe

Bloku ya saruji na mchanga. Ya inchi 6 ina urefu wa milimita 450 hivi, kimo 225 na unene 150, na uzito wake ni karibu kilo 30. Ni imara, kila fundi anaijua, hupatikana kila mtaa, na misumari na skrubu hushika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hupitisha joto kwa urahisi. Na kwa Dodoma kuna udhaifu wa pili: inahitaji maji mengi ya kumwagilia ili ikomae, wakati hewa ni kavu, upepo unapuliza na maji yananunuliwa kwa boza.

Bloku yenye matundu. Wengi huiita ya kuzuia joto. Inapunguza uzito na saruji, lakini kwenye joto inasaidia kidogo tu, maana joto hupita kwenye kuta za tofali zinazozunguka matundu. Fundi akiyajaza matundu kwa mchanga au zege, hata hicho kidogo kinapotea.

Tofali la udongo-saruji la kufungamana. Hili limesambazwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA. Mengi yana urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100, kwa hiyo mita moja ya mraba hula kama 33. Halizuii joto kama tofali jepesi. Ubora wake ni kwamba hufyatuliwa kwa udongo wa hapohapo, hula mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) kidogo sana, na ukuta wake ukiwa mnadhifu unaweza kuuacha bila plasta. Lakini udongo mweusi wa mbuga haufai kabisa, kwa sababu huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Jaza udongo wako nusu chupa ya maji, ongeza maji, tikisa sana, uache utulie mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukipungua nusu ya tabaka lote, tafuta udongo mwingine au uchanganye na mchanga.

Tofali jepesi la zege la hewa. Hutengenezwa kiwandani kwa saruji, chokaa, mchanga uliosagwa na unga kidogo wa alumini unaotoa viputo, kisha hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo. Tofali la urefu wa milimita 600, kimo 200 na unene 150 lina uzito wa kilo 11 hivi, na linaelea majini. Kwa unene uleule wa milimita 150, ukuta wake uliopigwa plasta hupitisha joto kama theluthi tu ya lile linalopita kwenye ukuta wa bloku. Linakatwa kwa msumeno, na halihitaji kumwagiliwa siku saba. Kasoro zake ni kwamba linavunjika pembe likishushwa vibaya, hunywa maji, halishiki msumari wa kawaida, na usafiri wake unaweza kukushangaza. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu kilometa 450 za lori.

Paneli za povu zenye wavu wa chuma, zinazopuliziwa plasta pande mbili, huzuia joto kuliko yote haya. Sizipendekezi kwa mtu anayejenga kidogokidogo na fundi wa mtaani. Zinataka mashine na watu waliofundishwa, na povu lililoachwa wazi popote huwa nyumba ya panya, sisimizi na mchwa, ambao Dodoma hawana upungufu.

Hatua ya 5: Amua chumba kwa chumba, kwa saa kinapotumika

Hapa ndipo watu hukosea, kwa kuchagua tofali moja la nyumba nzima kana kwamba vyumba vyote vinaishi saa zilezile.

Tazama tembe la Wagogo. Kuta zake za miti na udongo ni nene, na juu lina dari bapa lililofunikwa kwa udongo. Wajenzi wake walijua kwamba hapa mchana na usiku hutofautiana sana, wakatumia uzito. Udongo mzito hupokea joto la mchana polepole, na usiku wenye baridi huupoza tena kabla ya asubuhi. Na angalia kwamba walianzia juu: paa lenyewe lilikuwa zito. Sisi tumechukua kuta nzito tukaweka bati jepesi juu yake, ndiyo maana nyumba zetu zinachoma.

Kwa hiyo sebule na chumba cha kulia, vinavyotumika mchana, vinanufaika na ukuta mzito ulio kivulini, ukifungua madirisha usiku upoe na kuyafunga kuanzia saa nne asubuhi. Bloku ya kawaida inatosha kabisa hapo. Chumba cha kulala kinachotazama magharibi, ambacho hakiwezi kuhamishwa wala kuwekewa baraza, kinastahili tofali jepesi, kwa sababu hutaki ukuta unaotema joto saa unayolala. Chumba utakachofunga kiyoyozi nacho hivyohivyo, maana kila joto linaloingia unalilipia kwenye umeme. Vyumba vya juu vya ghorofa pia, na huko unapata faida ya pili: mzigo kwenye nguzo na msingi unapungua sana.

Usilichague tofali jepesi kwa sababu tu kiwanja chako kina udongo mweusi. Fundi atakuambia, "Bosi, nyumba ikiwa nyepesi haitapasuka." Tatizo la udongo huo ni kuvimba na kusinyaa kutoka chini, nao huinyanyua nyumba nyepesi kwa urahisi zaidi. Dawa yake iko kwenye msingi: kuuchimba na kuutoa, kujaza moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, au msingi aliousanifu mhandisi.

Ukiamua kuchanganya aina mbili, usiziunganishe katikati ya ukuta mmoja. Zikutane kwenye kona au kwenye nguzo, uzifunge kwa nondo nyembamba au vipande vya wavu kila baada ya kozi (safu za matofali) mbili, na kabla ya plasta ubandike wavu wa kuku kwenye maungio. Usipofanya hivyo, ufa utajichora wima palepale kabla ya mwaka kuisha. Na kama michoro iliyopewa kibali cha ujenzi na Jiji inaonyesha aina moja ya ukuta, mhandisi aipitie upya kabla hujabadilisha.

Hatua ya 6: Linganisha bei kwa mita ya mraba iliyokamilika

Bei ya tofali moja haikuambii kitu. Bloku za inchi 6 huingia kama 9 kwenye mita ya mraba, hesabu 10 pamoja na zinazovunjika. Tofali jepesi la 600 kwa 200 huingia 8 na kitu. La kufungamana, 33. Andika kwenye daftari, kwa kila aina: matofali, usafiri hadi kiwanjani, yatakayovunjika njiani, mota au gundi, ufundi, maji ya kumwagilia, plasta ndani na nje. Jumlisha, gawanya kwa mita za mraba.

Ukimaliza, fanya hesabu ya pili: tofauti hiyo ya fedha ingenunua nini kwenye paa? Kwa nyumba yetu ya mita 10 kwa 12, ukuta wa magharibi peke yake ni matofali mepesi kama 250. Kuta zote za nje ni zaidi kidogo ya mara nne yake. Mara nyingi utaona kwamba ukuta mmoja wa tofali jepesi pamoja na silingi iliyofungwa vizuri ni nafuu kuliko nyumba nzima ya tofali jepesi, na ndani panapoa zaidi.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kulipa

Kwa bloku, muulize mfyatuaji anatoa ngapi kwa mfuko, kisha usimame umhesabie. Mfuko wa kilo 50 una lita kama 35 za saruji, na bloku ya inchi 6 ina lita 15. Akitoa 45 kwa mfuko, hizo ni lita karibu 680, yaani saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu zinazokaribia 20. Hiyo ni kama kununua mchanga uliopangwa vizuri. Kwa inchi 6 mimi hupendelea isizidi 25 hivi.

Chukua bloku iliyokaa wiki mbili. Ikwaruze kwa msumari: ikimwaga mchanga kama unga, iache. Inyanyue hadi kiunoni uidondoshe bapa kwenye ardhi ngumu. Nzuri hubaki nzima au hukatika vipande viwili, mbaya husambaa. Angalia pia unga mweupe unaojitokeza juu yake. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye lenta hula nondo. Maji usiyoweza kuyanywa usiyachanganyie zege lenye chuma.

Omba bloku zifunikwe kwa nailoni au magunia yaliyolowa kwa siku saba, zikiwa kivulini. Kumwagilia asubuhi na jioni halafu kuziacha kwenye upepo wa Agosti ni kupoteza maji.

Kwa tofali jepesi, pima urefu na kimo cha matofali kumi kutoka sehemu mbalimbali za lori. Yakitofautiana zaidi ya milimita mbili tatu, gundi nyembamba haitafanya kazi. Kubaliana kwa maandishi nani anabeba hasara ya yaliyovunjika, kabla lori halijaondoka.

Hatua ya 8: Jenga kila tofali kwa namna yake

Msingi na kozi za kwanza mpaka juu ya jamvi (sakafu ya zege) ziwe za bloku nzito au mawe, hata kama nyumba yote ni ya tofali jepesi. Weka nailoni ya kuzuia unyevu juu yake, halafu ndipo tofali jepesi lianze. Mvua ya Dodoma ni ya muda mfupi lakini hushuka kwa nguvu, hurusha tope ukutani, na tofali hili likinyonya maji chini plasta hubanduka.

Tofali jepesi hujengwa kwa gundi yake ya milimita mbili au tatu. Fundi akijenga kwa mota nene ya inchi moja, kila ungio linakuwa njia ya joto. Gundi ikikosekana, tumia mota laini: saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga ndoo 6, kwa unene usiozidi milimita 10, na tofali lilowanishwe kidogo kwanza. Mchanganyiko huohuo ndio wa plasta ya nje. Plasta kali ya saruji moja kwa mchanga tatu hupasuka juu ya tofali hili, kwa kuwa ni ngumu kuliko kilicho chini yake.

Lenta izunguke nyumba nzima kwa zege na nondo, iwe ya bloku au ya tofali jepesi. Dodoma iko ukanda wa Bonde la Ufa na mitetemeko huhisiwa mara kwa mara, ukiacha upepo. Kenchi zifungwe kwenye lenta hiyo kwa nondo au vyuma vilivyoachwa wakati wa kumwaga zege, kamwe zisifungwe kwenye tofali jepesi. Mahali pa kutundika makabati ya jiko, sinki, hita ya maji na televisheni, paonyeshe mapema kwenye mchoro, ujengee bloku nzito au ununue nanga maalumu za tofali hilo.

Kuhusu muda, anza msingi Mei mvua zikishakatika. Fyatua bloku Juni na Julai, kabla jua halijawa kali na vumbi halijazidi. Ukiagiza matofali mepesi, yapandishe juu ya mbao na kuyafunika siku hiyohiyo yanaposhushwa, na bati liwe juu kabla ya mwisho wa Novemba. Kuta za tofali jepesi zikilowa mvua ya Desemba bila paa, subiri zikauke kabisa ndipo upige plasta, hata kama fundi ana haraka ya kwenda kazi nyingine.